Kihatarishi, Kisababishi na Hatima ya Mgonjwa: Uhakiki wa Lugha ya Usababisho katika Kiswahili cha Utafiti wa Tiba

Ikisiri

Utafiti wa tiba hutenganisha jambo linaloandamana na ugonjwa na jambo linaouleta ugonjwa huo. Makala hii inahakiki namna Kiswahili cha mabango, miongozo, taarifa za habari na fomu za ridhaa kinavyoubeba utengano huo. Hoja yake ni kwamba utengano hupotea njiani, na kwamba kosa si la lugha. Waundaji wa istilahi na wafasiri wameuegemea mnyambuliko mmoja wa kitenzi, ule wa usababishi, bila kuupima uzito wake, huku wakiziacha zana nyingine za sarufi zilizo karibu zaidi na mantiki ya utafiti wenyewe. Mifano ya tiba imetolewa Uganda, Kenya na Tanzania, pamoja na mmoja wa Uingereza.

1. Utangulizi: ramani ya Burkitt

Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyefanya kazi Mulago, Kampala, alichapisha maelezo ya uvimbe wa taya uliowapata watoto wa Uganda na ambao vitabu vya wakati ule havikuufahamu. Miaka mitatu baadaye yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari takriban kilomita 16,000 kutoka Uganda kuelekea kusini mwa bara, wakiuliza hospitali kwa hospitali kama uvimbe ule umeonekana hapo. Kutokana na safari hiyo na barua alizoandikiana na madaktari wengine, Burkitt alichora ramani. Uvimbe ulikuwa nadra mahali ambapo joto hushuka chini ya nyuzi 16 za Selsiasi, na pale ambapo mvua ya mwaka haifiki milimita 500. Karibu na Ikweta mpaka huo ulilingana na mwinuko wa mita 1,500 hivi kutoka usawa wa bahari.

Hakuna aliyedhani kwamba ardhi ya bondeni humtia mtoto uvimbe. Mwinuko ulikuwa unaelekeza kidole kwingine: penye joto na mvua pana mbu, na penye mbu pana malaria isiyokoma. Mwaka 1964 Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr walikiona kirusi katika chembe zilizooteshwa kutokana na vipande vya uvimbe vilivyosafirishwa kutoka Uganda hadi London. Ndipo ukafuata utafiti wa West Nile, kaskazini magharibi mwa Uganda, ambako damu ya watoto wapatao 42,000 ilichukuliwa wakiwa wazima, kisha wakafuatiliwa. Taarifa yake ya mwaka 1978 ilionyesha kwamba watoto waliopata uvimbe baadaye walikuwa na kingamwili nyingi dhidi ya kirusi hicho kabla ya kuugua.

Katika kisa hiki kimoja mna mafungamano ya aina tatu. Mwinuko ni alama tu. Malaria ni mshirika anayeuandalia ugonjwa njia. Kirusi kimo ndani ya mwendo wa ugonjwa wenyewe. Wanatiba wanayo istilahi moja pana inayoyakusanya yote matatu bila kuamua lipi ni lipi, nayo ni ya lazima, kwa kuwa mtafiti huanza kazi kabla hajajua. Je, Kiswahili kimeipokeaje istilahi hiyo?

2. Uzito wa kihatarishi

Neno linalotawala sasa, hasa katika maandishi ya Tanzania, ni kihatarishi, wingi vihatarishi. Pembeni yake kuna visababishi vya hatari, mambo hatarishi, sababu za hatari na hata viashiria hatarishi. Kihatarishi ni neno zuri kwa sikio: ni fupi, linaingia katika ngeli bila taabu, na linaweza kupewa wingi. Tatizo lake liko katika uundaji.

Nomino hatari imezaa kitenzi hatarisha, nacho kimezaa kihatarishi kwa njia ileile iliyokipa Kiswahili kiunganishi, kiwakilishi na kiambishi. Katika maneno hayo yote, kitu kinachotajwa ndicho kinachotenda. Kiunganishi huunganisha, kiwakilishi huwakilisha. Basi kihatarishi ni kile kihatarishacho, wala msemaji wa Kiswahili hana namna ya kulisikia neno hilo vinginevyo. Mnyambuliko wa usababishi umekwisha kutoa hukumu kabla ya utafiti kuanza. Akisema kwamba mwinuko mdogo wa ardhi ni kihatarishi cha uvimbe wa Burkitt, mwandishi amesema kwamba ardhi ndiyo inayomtia mtoto hatarini. Burkitt hakusema hivyo.

Lipo pia jambo la kihusishi ambalo halijapewa uzito unaostahili. Kitenzi hatarisha huchukua shamirisho la kitu kilichomo hatarini: mtu huhatarisha maisha, huhatarisha ajira, huhatarisha amani. Kihatarishi cha maisha, kwa hiyo, kinaeleweka bila ya kufafanuliwa. Lakini kihatarishi cha kisukari? Kwa sarufi ya Kiswahili, hicho ni kitu kinachokitia kisukari katika hatari. Wasomaji wamezoea kulivuka kosa hili kwa sababu wanajua mwandishi anakusudia nini. Asiyejua hana daraja la kumvusha.

Mbadala wake si bora. Sababu za hatari na visababishi vya hatari vinazidisha yaleyale, kwani vyote viwili vinataja sababu waziwazi. Viashiria hatarishi ni mkanganyiko wa aina ya peke yake: kiashiria huonyesha tu, hakihatarishi mtu, sawa na kipimajoto ambacho hakijawahi kumpa mtu homa. Nchini Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mfasiri aliyesomea tiba kwa Kifaransa hufika kwenye Kiswahili kwa njia nyingine, lakini akifungua maandishi yaliyokwisha kuchapishwa Afrika Mashariki anayakuta maneno hayohayo, na ni rahisi kuyachukua yalivyo.

Madhara ya kivumishi hatarishi yanaonekana zaidi kinapowekwa juu ya watu. Maandishi ya Ukimwi yamezoea kusema makundi hatarishi, yakikusudia watu walio katika uwezekano mkubwa zaidi wa kuambukizwa kuliko wengine. Kwa uundaji wa neno, kundi hatarishi ni kundi linalowahatarisha wengine, kama ilivyo barabara hatarishi au jengo hatarishi. Aliyepaswa kulindwa amegeuzwa kuwa tishio kwa silabi moja. Baadhi ya waandishi wamelitambua hili na kuanza kuandika makundi yaliyo katika hatari zaidi, maneno marefu lakini ya haki. Mshauri wa sera anayeamini kwamba mjadala wa istilahi ni anasa ya wanaisimu angefaa kuanzia hapa: unyanyapaa unaopigwa vita kwenye ukurasa wa tano wa mwongozo huwa mara nyingine umepandwa katika kichwa chake.

3. Vitenzi vilivyobadilishana viti

Baada ya nomino huja kitenzi, na hapo ndipo madai ya utafiti hubebwa. Kiswahili kina ngazi nzuri: huandamana na, huhusishwa na, huchangia, huongeza uwezekano wa, husababisha, huleta. Mwandishi makini angeweza kupanda ngazi hiyo kipandio kwa kipandio kwa kadiri ya ushahidi alio nao. Katika maandishi ya afya, vipandio vimevurugika.

Chukua sigara. Mwaka 1950 Richard Doll na Austin Bradford Hill walichapisha Uingereza ulinganisho wa wanaume 649 wenye saratani ya mapafu na wanaume wengine 649 waliolazwa kwa maradhi mengine. Miongoni mwa wenye saratani, wasiovuta sigara walikuwa 2; miongoni mwa wale wengine, 27. Baadaye wawili hao waliwafuatilia madaktari wa Uingereza kwa miaka mingi, na mwaka 1965 Hill akaeleza mambo tisa ya kuzingatia kabla ya kulitoa jambo katika uandamani na kulitia katika usababisho: nguvu ya uhusiano, kujirudia kwake mahali mbalimbali, kutangulia kwa sababu, na mengineyo. Hakuyaita masharti, wala hakudai kwamba yanatoa uthibitisho usiopingika. Kati ya mafungamano yote ambayo tiba ya karne ya ishirini iliyachunguza, hili la sigara na saratani ya mapafu ni miongoni mwa yaliyothibitika zaidi. Hata hivyo, onyo lililozoeleka kwa miaka mingi kwenye pakiti za Afrika Mashariki lilisema tu kwamba uvutaji wa sigara ni hatari kwa afya. Ni hatari, kama mto wenye mamba. Onyo hilo halikusema ugonjwa gani, halikuwa na kitenzi cha kutenda, wala halikumtaja anayetendwa. Wakati huohuo, taarifa ya habari kuhusu utafiti mmoja wa kinywaji fulani, uliowauliza watu mara moja tu, hutangazwa kwa husababisha pasipo wasiwasi. Kitenzi kizito kimepewa ushahidi mwepesi, na ushahidi mzito umeachiwa kishirikishi ni.

Huhusishwa na ina mushkeli wake. Ndicho kitenzi ambacho wanatiba wengi hukipendekeza kwa uhusiano usiothibitika kuwa wa kisababu, na kwa maana ya kamusi hawajakosea. Lakini Kiswahili cha magazeti kimekwisha kukifanya kitenzi cha polisi: mtu huhusishwa na wizi, mwanasiasa huhusishwa na kashfa. Msikilizaji anaposikia kwamba chumvi inahusishwa na kiharusi, hasikii tahadhari ya mwanasayansi. Anasikia mshukiwa aliyekamatwa. Huandamana na ingefaa zaidi, kwa sababu wanaoandamana wanaonekana pamoja njiani bila ya mmoja kumsukuma mwingine. Huchangia nayo ni hazina iliyosahauliwa. Jamii zinazojua michango ya harusi na ya msiba hazihitaji kufundishwa kwamba jambo kubwa hutimizwa na wengi, kila mmoja kwa kiasi chake, na kwamba mchango wa mmoja peke yake huenda usitoshe. Hiyo ndiyo dhana ya sababu nyingi ambayo madarasa ya epidemiolojia huieleza kwa michoro.

Kiambishi hu- kinastahili neno. Msemaji akisema kwamba mbu huambukiza malaria, hakuna anayemwelewa kuwa amesema kila mbu. Hu- ya mazoea hukubali wanaotoka nje ya kanuni, na kwa sababu hiyo inaufaa sana usemi wa kitakwimu. Udhaifu wake uko katika ukanushi. Hu- haina ukanushi wake yenyewe. Anayetaka kukanusha hulazimika kurudi kwenye haisababishi, ambayo hukana kabisa. Kati ya husababisha na haisababishi hapana kituo cha kati. Kijana ambaye babu yake alivuta sigara hadi uzeeni na akafa kwa ajali ya baiskeli huona kwamba hu- imevunjwa, na akiivunja hubaki na ukanushi mtupu mkononi. Waandishi wa ujumbe wa afya wangemsaidia kwa kuongeza wengi, au kwa kutaja idadi, badala ya kuitegemea hu- ibebe yote.

4. Maji ya mkupuo na kiambishi -ngali-

Kisa kinachoonyesha waziwazi gharama ya lugha isiyopimwa ni kile cha jaribio la kitabibu lililojulikana kwa kifupisho FEAST. Kati ya mwaka 2009 na Januari 2011 watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za mzunguko duni wa damu waliingizwa katika jaribio hilo kwenye hospitali za Mulago, Mbale, Soroti na Lacor nchini Uganda, Kilifi nchini Kenya, na Teule, Muheza, nchini Tanzania. Ilikuwa imezoeleka katika nchi tajiri kwamba mtoto wa namna hiyo apewe maji mengi mshipani kwa haraka, na mantiki ilionekana haina dosari: mzunguko duni wa damu huandamana na kifo, maji huurekebisha mzunguko, basi maji yataokoa maisha. Watoto waligawanywa kwa nasibu. Makundi mawili yalipewa maji ya mkupuo, moja kwa myeyusho wa chumvi na jingine kwa albumini. Kundi la tatu halikupewa mkupuo.

Jaribio lilisimamishwa kabla ya kufikia watoto 3,600 waliokusudiwa. Baada ya saa 48 walikuwa wamekufa watoto 10.6 katika kila 100 wa albumini, 10.5 katika kila 100 wa chumvi, na 7.3 katika kila 100 wa kundi lisilopewa mkupuo. Alama iliyorekebishwa haikuokoa. Tiba ya kuirekebisha iliua. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba ziada hiyo ya vifo ilitokana zaidi na kuporomoka kwa moyo na mzunguko wa damu kuliko maji kujaa mapafuni au kwenye ubongo, jambo ambalo wengi walikuwa wamelitazamia.

Matokeo haya yasemweje kwa Kiswahili? Kwa mzazi wa Muheza au Kilifi, mtoto anayewekewa maji mshipani ametundikiwa dripu, basi. Usemi huo hautofautishi maji yanayoingia polepole na yale yanayoingizwa kwa mkupuo. Lakini watoto wa kundi la tatu nao walipewa maji ya polepole, pamoja na dawa zote walizostahili. Anayeandika kwamba watoto wasiopewa maji walipona zaidi ameandika uongo, na uongo wenyewe ni wa hatari: watoto wenye kuhara kwa kupungukiwa maji hawakuingizwa kabisa katika jaribio hili, na kwao maji ni uhai. Kijiji kikisikia kwamba dripu inaua, atakayekimbizwa kutoka wodini huenda akawa yule hasa aliyeihitaji. Neno mkupuo, ambalo kila mtu analijua, lingetosha kulinda maisha.

Jambo la pili ni la wakati wa kitenzi. Usemi kwamba waliopewa maji ya mkupuo walikufa zaidi ni wa kweli, lakini haujasema yote yaliyogunduliwa, kwa kuwa ungekuwa wa kweli hata kama waliopewa mkupuo wangekuwa ndio walioletwa hospitali wakiwa hoi zaidi. Kilichogunduliwa ni hiki: wasingalipewa maji ya mkupuo, baadhi yao wasingalikufa. Hesabu nyepesi inaonyesha ukubwa wa hao baadhi. Waliopewa mkupuo walikuwa 2,097, na waliokufa katika saa 48 ni 221; kwa kiwango cha kundi la tatu wangekufa wapatao 153. Tofauti ni watoto 68 hivi. Hakuna daktari anayeweza kuwataja kwa majina, maana asingalikufa, kwa umoja, ni dai ambalo jaribio haliwezi kulitoa juu ya mtoto yeyote mahususi. Wasingalikufa, kwa wingi na baada ya neno baadhi, ndilo dai lake hasa.

Wanafalsafa wa sayansi wanaoeleza usababisho kwa kulinganisha lililotokea na lile ambalo lingalitokea huhitaji maneno mengi. Kiswahili kimelitia jambo hilo ndani ya kitenzi. Sarufi mapokeo hufunza kwamba -nge- ni ya lile linalowezekana bado na -ngali- ni ya lile lililokwisha kupitwa. Kweli, wasemaji wengi wa leo wameziachia zichanganyike, na sarufi haiwezi kuwapeleka mahakamani. Lakini kwa kusudi la istilahi ya utafiti, utengano huo ungefaa ufufuliwe makusudi. Ni ajabu kwamba taarifa za afya kwa Kiswahili huandikwa karibu zote kwa hu-, -na- na -li-, na kiambishi kinachofanana zaidi na fikra ya jaribio la kitabibu huachiwa hadithi za majuto.

5. Nasibu, bahati, mpangilio

Kinachompa mtafiti haki ya kusema husababisha ni ule mgawanyo wa watoto usiomtegemea mtu yeyote. Kwa hilo Kiswahili cha fomu za ridhaa hutumia kwa nasibu, kwa kubahatisha, bila mpangilio maalumu, au kwa bahati nasibu. Maneno hayo si ndugu. Kubahatisha ni tendo la asiyejua jibu; mwanafunzi hubahatisha katika mtihani. Mzazi anayeambiwa kwamba mwanawe atawekwa katika kundi kwa kubahatisha ana haki ya kuuliza kama daktari anajua kazi yake. Bila mpangilio ni kinyume cha ukweli, kwani hakuna sehemu ya jaribio iliyopangwa kwa ukali kama hiyo. Bahati nasibu imetekwa na michezo ya kamari, na aliyeshinda hupata zawadi. Basi katika FEAST nani alishinda? Kabla ya Januari 2011 wengi wangalijibu kwamba ni mtoto aliyepewa mkupuo.

Nasibu peke yake ni bora, ijapokuwa ni neno la vitabuni. Kura, kwa maana yake ya zamani ya kugawana kitu pasipo upendeleo, ingeeleweka zaidi na ina heshima ya haki ndani yake: ndugu wakigawana shamba kwa kura, hakuna anayemlaumu mwenzake. Uchaguzi wa kisiasa umeifinya maana hiyo, lakini haujaiua. Katika FEAST, ambako hali ya mtoto haikuruhusu maelezo marefu, mzazi aliombwa kwanza idhini fupi ya mdomo, na ridhaa kamili ikafuata mtoto alipotulia. Katika dakika hizo chache, neno moja lisilofaa halina wa kulifafanua.

6. Kwa asilimia, hadi asilimia, ya asilimia

Uhusiano ukishathibitishwa, hubaki ukubwa wake. Majaribio ya tohara ya wanaume ya Kisumu na Rakai, yaliyochapishwa mwaka 2007, pamoja na lile la Orange Farm, Afrika Kusini, la mwaka 2005, ndiyo chanzo cha ujumbe uliosambaa Afrika Mashariki kwamba tohara hupunguza hatari ya kuambukizwa VVU kwa asilimia 60. Ujumbe huo hauna kosa la kisayansi ukichukuliwa kama wastani uliopigwa chapuo kidogo. Kisumu ilipata 53. Kosa ni la usikizi. Kwa asilimia 60 hutamkwa haraka, na kwa msikilizaji hugeuka kuwa asilimia 60 ya wanaume, kana kwamba katika kila 100 waliotahiriwa 60 wamekingwa na hawana la kuogopa. Wengine husikia hadi asilimia 60. Viunganishi kwa, ya na hadi ndivyo vinavyobeba hesabu yote, na katika matangazo ya redio ndivyo vinavyomezwa kwanza.

Takwimu za Kisumu zenyewe zinasemeka kwa Kiswahili cha sokoni. Wanaume 2,784 waligawanywa karibu nusu kwa nusu. Katika miaka miwili waliambukizwa 22 kati ya waliotahiriwa mapema na 47 kati ya waliosubiri, yaani wawili katika kila 100 dhidi ya wanne katika kila 100. Msikilizaji wa maneno hayo anajua mambo mawili ambayo asilimia 60 humficha: kwamba kinga ni ya kweli, na kwamba wawili bado waliambukizwa. Inawezekana mpangaji wa kampeni akaona kwamba wawili dhidi ya wanne hawavutii watu kwenye foleni. Hapo tatizo halihusu tena lugha, na mwanaisimu hana budi kumwachia mpangaji alibebe mwenyewe.

7. Majibu ya nani?

Mwisho wa mnyororo yuko mgonjwa, na yale yanayompata ndiyo yanayotafsiriwa mara nyingi kuwa matokeo ya mgonjwa. Katika hospitali yoyote ya eneo hili, matokeo ya mgonjwa ni karatasi inayotoka maabara, ambayo watu wengi huiita majibu. Mtafiti anayeandika kwamba jaribio linachunguza matokeo ya wagonjwa ameahidi, kwa sikio la msomaji, kuwapima damu. Hatima ya mgonjwa inakaribia zaidi, ila hatima ina harufu ya kudura, na anayeamini kwamba jambo limekwisha kuandikwa hatafuti sababu yake. Pengine hakuna nomino moja inayotosha, na pengine haihitajiki. Kama alipona, alibaki na ulemavu au alifariki ni maelezo marefu kuliko istilahi, lakini mzazi hawezi kuyasikia visivyo.

Kwa upande wa istilahi kuu, kulifuta neno kihatarishi kwa waraka ni kazi bure. Limekwisha kuingia vinywani. Linaweza kupewa mipaka. Kiashiria cha hatari kingefaa kuwa jina la jumla, kwa kuwa kinaelekeza bila kuhukumu, na kihatarishi kikatengewa lile ambalo imethibitika kwamba likiondolewa, hatari hupungua. Dalili ya hatari haifai kwa jukumu hilo, kwani kliniki za wajawazito zimekwisha kuitumia kwa maana nyingine ya dharura. Kwa mgawanyo huo, mwinuko wa Burkitt ni kiashiria, malaria na kirusi vinajadiliwa kwa ushahidi wake, na sigara ni kihatarishi bila ubishi.

Mamlaka za kulifanya hilo zipo. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iko Zanzibar, na Kamisheni ya Utafiti wa Afya ya Afrika Mashariki iko Bujumbura. Zote mbili ni taasisi za Jumuiya moja. Rwanda ilikifanya Kiswahili lugha rasmi mwaka 2017, na baraza la mawaziri la Uganda lilichukua uamuzi wa aina hiyo mwaka 2022. Maana yake ni kwamba fomu za ridhaa na miongozo ya tiba kwa Kiswahili itaongezeka katika nchi ambako wasomaji wengi watakutana na maneno haya kwa mara ya kwanza, bila ya mazoea ya kuwasaidia kuyavuka makosa. Kihatarishi cha kisukari kitasomwa huko kama kilivyoandikwa. Kamati za maadili, ambazo tayari hudai tafsiri na tafsiri rejeshi ya kila fomu, zingeweza kuongeza hatua moja isiyo na gharama kubwa: fomu isomwe kwa sauti mbele ya wazazi watano au sita wasiohusika na utafiti, kisha waulizwe ni kitu gani, kwa walivyosikia, kinachomdhuru mtoto, na ni nani aliyeamua awekwe kundi lipi.